Tulisema Serikali Itusaidie

Neema mwanangu,

Salamu nimeziruka, maana tupo nyumba moja na uji wa asubuhi tumekunywa pamoja. Wewe na mama yako mmekwenda kwenye jumuiya kuombewa safari, mimi nimebaki nikasema nina hesabu za kufunga. Hakuna hesabu yoyote. Nimerudisha mlango wa duka nusu, nimekaa juu ya kreti la soda, nimechukua daftari moja la kuuza nikalifungua katikati, naandika. Mambo ya chandarua, ya kuficha vyeti, ya kutolala gesti za stendi, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Hayo nayaacha kwake.

Leo mchana, shangazi yako Nyabwire na mume wake walipokuwa wanaondoka kurudi Buswahili, alikushika mkono akakupa hongera ya kazi. Halafu akanigeukia mimi, akasema, "Haya kaka, sasa mmekuwa wawili." Wewe ukacheka. Uliponiuliza baadaye alikuwa na maana gani, nikakukaripia, nenda kapange nguo, basi halimngojei mtu. Nisamehe. Swali lako lilikuwa la haki, ila sikuwa na mdomo wa kulijibu huku nakutazama usoni. Ndiyo maana nimekimbilia karatasi, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Kesho unakwenda kuwa afisa ushirika kwenye wilaya ya pamba, huko Usukumani. Mimi ndiye niliyelala na kuamka nikiomba upate hiyo kazi. Nimefunga novena, nimepiga simu kwa watu ambao hata hawanikumbuki, nimesimama kwenye veranda za maofisi kofia mkononi. Majina yalipotoka nililia, na mama yako akadhani ni furaha. Ilikuwepo furaha kidogo. Nyingine ilikuwa ni hii ninayotaka kukueleza.

Unakumbuka kidogo nyumba yetu ya Nyamuswa, ile yenye mnyaa uani. Unanikumbuka mimi nikiwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika, na kalamu mbili mfukoni. Jina la chama na wenzangu nawaacha, wengine wameshatangulia, na vyama vyote vilifanana kama mapacha. Usichokijua ni kwamba kabla ya kalamu nilikuwaga mkulima tu wa pamba, tena mkulima mvivu. Na kabla ya chama kushika kila kitu, pamba ya upande ule tulimuuzia mtu mmoja anaitwa Wambura, pamoja na wenzake wawili watatu waliokuwa wakigombania magunia yetu.

Wambura alikuwa mtu wa kelele. Ukimsikia anaongea na mtu kwenye simu, ungedhani anataka huyo mtu amsikie bila simu. Alikuwa akifika nyumbani kwako na pikipiki, hasemi habari za asubuhi, anachojoa saa, anazamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani. Anatoa pamba ya chini kabisa, anaivuta kwa vidole, anainusa. Ikiwa safi anakupa bei ya safi. Ikiwa fifi, ile ya manjano yenye majani na vumba la mvua, anakupa bei ya fifi na matusi juu. Hakuwa malaika. Mizani yake mwaka mmoja ilikuwa inakula kilo mbili kila gunia, na tulimjua. Lakini tulipomjua tulihamia kwa mwenzake, na wiki iliyofuata Wambura alikuja na mizani mpya akiwa amenuna, akaipanda yeye mwenyewe mbele yetu ili tuione.

Pamba ya shangazi yako ndiyo iliyokuwa inamnyamazisha. Nyabwire alikuwa akitandika mkeka uani, anamwaga pamba yote, anaichambua kishada kwa kishada. Jani, hapana. Kijiti, hapana. Ya manjano inakwenda pembeni kwenye kapu lake. Sisi tunakunywa togwa tunamcheka, anafunga kanga kiunoni anaendelea. Wambura akizamisha mkono kwenye gunia la Nyabwire alikuwa anatulia kama mtu aliyeingiza mkono kwenye maji ya uvuguvugu. "Mama, hii ni ya harusi," anasema. Halafu anampa bei ambayo mimi sikuwahi kupewa hata siku moja.

Chuki yangu ilianzia hapo, Neema. Watu wakielezaga jinsi walivyoingia kwenye mambo ya umma wanasema waliona dhuluma. Mimi niliona wivu. Pamba yangu ilikuwa na majani kwa sababu sikuichambua, na Wambura alinilipa kama mtu ambaye hakuichambua. Badala ya kutandika mkeka, nikatafuta mkutano.

Na mkutano ukapatikana. Alikuja mgeni kutoka wilayani, maturubai yakafungwa uwanjani, kinamama wakaimba. Ulipofika wakati wa kero za wananchi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilishika kipaza sauti na ulimi wangu ukawa mwepesi ajabu. Nikasema walanguzi wanatunyonya. Nikasema mkulima anapangiwa bei na mtu wa pikipiki. Nikasema, "Mheshimiwa, tunaiomba serikali itusaidie. Bei iwe moja. Mnunuzi awe mmoja. Chama chetu kisimame." Walishangilia mpaka vumbi likapanda. Hata wale waliokuwa wakipata bei nzuri walishangilia, maana maneno yalikuwa matamu.

Nyabwire hakupiga makofi. Tulirudi naye njia moja, yeye kabeba viatu mkononi. Akauliza, "Kaka, umeomba bei iwe moja. Yangu ishuke au yako ipande?"

Nikamwambia mambo ya uchumi hayajui, awaachie wanaume. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi niliyeishia darasa la saba, ndugu yake wa tumbo moja.

Basi, serikali ikatusaidia.

Mimi kwa kusema vizuri nikapewa ukarani. Wambura na wenzake wakaambiwa pamba watainunua kupitia chama, kwa bei iliyotangazwa, kwa siku zilizotangazwa, kwa vibali. Mwaka wa kwanza walijaribu. Mwaka wa pili waliacha, Wambura akabaki na ghala lake lenye popo. Tulifurahi sana. Tulisema mnyonyaji kakimbia.

Sasa nikueleze kilichofuata, na nakueleza kama mtu aliyekuwa ndani na kalamu yake. Zamani dawa ya kunyunyizia ililetwa na Wambura kwa mkopo, na ililetwa mapema, kwa sababu funza akila vitumba vyetu yeye naye hana cha kununua. Tulifungwa nira moja na yule mtu, tukipenda tusipende. Sasa dawa ikawa inatoka juu. Nani huko juu angelala njaa kama funza wakila pamba ya Nyamuswa? Hakuna. Mshahara wake unaingia. Kwa hiyo dawa ilikuja funza wakiwa wameshashiba, na mimi nikaiandika kwenye kitabu kuwa imepokelewa, nikagonga muhuri. Hawakuwa watu wabaya, usinielewe vibaya. Wengine walikuwa wacha Mungu kuliko mimi. Ila hapakuwa na kitu chochote kinachowauma pale ambapo sisi tulikuwa tunaumia, na mtu asiyeumwa hana haraka.

Halafu kukaja hili la kufungua msimu. Wewe umelisoma chuoni na najua lina jina zuri. Kijijini lilikuwa hivi: pamba imepasuka, imekuwa nyeupe shamba zima, mbuzi wanaila, mvua inanyemelea, na hairuhusiwi kuuza hata ngumi moja mpaka mgeni rasmi aje afungue msimu. Mgeni rasmi ana vikao. Wiki hii hawezi. Wiki ijayo labda. Sisi tunakaa na mali yetu wenyewe ndani ya nyumba, tunalala juu yake, watoto wanakohoa vumbi lake, tunangoja mtu ambaye hakupanda hata mbegu moja aje aseme sasa mnaruhusiwa. Na sisi tuliyapokea hayo kama watu tunavyopokea majira ya mwaka. Hata mimi. Mimi hasa.

Mwaka huo wa pili wa chama, macho ya Mzee Manyama, mume wa shangazi yako, yalianza kusumbua. Wewe ulikuwa darasa la pili. Tulikwambia ni ugonjwa tu, na ni kweli ulikuwa ugonjwa, presha ya macho. Lakini hatukukwambia yote. Daktari alimwambia bado kuna nafasi, aende akafanyiwe upasuaji haraka, asikae. Asikae ndilo neno alilotumia. Nyabwire alikuwa na pamba ndani, imechambuliwa yote, nzuri kama siku zote. Msimu ulikuwa haujafunguliwa. Akasikia kwamba Wambura, kimyakimya, bado ananunua kidogo pale kwenye ghala lake la popo, analipa papo hapo. Akapakia magunia kwenye mkokoteni, akafunga ng'ombe wake wawili, akashika njia ya Nyamuswa, lilipo ghala hilo, yeye mwenyewe, kwa sababu mume alikuwa haoni vizuri njia.

Sisi tulikuwa tumeweka kizuizi. Mti mkavu umelazwa barabarani, mgambo wawili, na mimi na kitabu changu, kivulini. Amri ilikuwa pamba isipite kabla ya msimu. Saa tano za asubuhi nikaona mkokoteni unakuja, nikaona kanga ya dada yangu.

Na yeye akaniona. Neema, uso wake uling'aa. Nimeishi miaka yote hii, na kitu ambacho siwezi kukivumilia nikikikumbuka ni ule uso kung'aa. Akasema, "Aa, kumbe ni wewe kaka! Nilishaogopa, nikadhani ni wengine."

Nikamwambia, "Shusha."

Alidhani natania. Akacheka. Akanieleza habari ya macho, na mimi niliijua, nilikuwepo Jumapili ile waliporudi kwa daktari. Mgambo walikuwa wananitazama. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo langu lote, wale vijana wawili wenye fimbo walikuwa wananitazama waone kama karani ataachia ndugu yake. Nikasema kwa sauti kubwa ili wasikie, "Sheria haina dada. Shusha." Walinisifu kwa maneno hayo mwaka mzima. Mwenyekiti aliyarudia kikaoni, nikapewa koti la mvua.

Hebu fikiri, mwanangu. Shamba lilikuwa lake. Jembe lake, mgongo wake, vidole vyake vilivyochambua. Mgonjwa alikuwa mume wake. Mnunuzi yupo, ana fedha, anataka. Katika jambo lile zima kitu pekee kilichokuwa cha kwetu ni tarehe. Na tarehe yetu ikashinda.

Magunia yakaingia ghala la chama, yeye akapewa kikaratasi cha kudai fedha. Msimu ulikuja kufunguliwa baadaye, kwa ngoma, na hata ulipofunguliwa fedha hazikuwepo, zilikuwa zinatoka mahali zinakwenda mahali. Nyabwire hakungoja. Aliuza ng'ombe mmoja wa kukokota kwa bei ya kutupa, akampeleka mume wake Musoma. Wakamwambia jicho moja limekwisha, la pili hatuahidi. La pili nalo likaenda kabla ya Krismasi.

Utaniuliza, baba, wewe ulikuwa na ndama wawili, kwa nini hukuuza? Nilikuwa nao, ndiyo. Yule mwekundu na yule wa baka. Niliwaangalia kila jioni wakirudi zizini na sikusema neno. Ningewauza ningekuwa nimekubali kwamba nilichofanya barabarani kilikuwa na bei, na kwamba ni mimi wa kuilipa. Nikaona heri niseme ni utaratibu. Hilo neno utaratibu ni zuri sana, Neema, unaweza kujifunika nalo hadi miguuni.

Msimu uliofuata shangazi yako alileta pamba chamani kwa siku zilizotangazwa, akapanga foleni kama wenzake. Ilipofika zamu yake nikazamisha mkono kwenye gunia. Tabia hiyo niliiga kwa Wambura, ingawa haikuwa na maana tena, maana safi na fifi tulizipokea kwa bei ileile na kuzimwaga lundo moja. Juu palikuwa pakavu. Katikati mkono wangu ukakuta maji. Chini ya maji, mchanga. Mchanga wa mtoni, umetiwa kwa mpango wa kuongeza kilo, na mtu aliyejua kiasi ambacho hakitamwagika.

Nikainua macho. Dada yangu, yule wa mkeka, yule wa jani hapana kijiti hapana, alikuwa amesimama wima ananitazama. Hakuona aibu. Akasema taratibu, "Andika, kaka. Bei si moja?"

Nikaandika. Ningefanyaje? Nyuma yake foleni nzima ilikuwa na mchanga. Walikuwa wamejifunza wote, kwa miaka mitatu tu, watu waliofundishwa na wazazi wao kwamba ukitia mchanga kwenye pamba unaivunjia ukoo heshima. Hatukuwaambia waibe. Tuliwaambia tu kwamba usafi wao hauna thamani, na mvivu na hodari watakula sahani moja. Mengine wakamalizia wenyewe. Na sisi tukaitisha semina kuwaelimisha wakulima kuhusu ubora, na posho tukachukua.

Mwaka uliofuata Nyabwire aling'oa pamba, akapanda mihogo. Hajapanda tena hadi leo. Mkeka wake nimeuona, anaanikia mihogo.

Wambura unamjua, ila hujui kuwa unamjua. Ni yule mzee mnene mwenye maturubai na viti vya kukodi hapa mjini, aliyetuletea viti kwenye kipaimara chako. Mara nyingi anakodishwa na serikali. Nilimuuliza siku moja kama anakumbuka pamba. Akasema, "Karani, pamba ilikuwa inanisumbua bure. Sasa wanaponiita kufungua msimu mimi nafunga turubai, nalipwa, mvua inyeshe isinyeshe." Akacheka kwa ile sauti yake ya simu. Nilitamani anitukane. Mtu aliyekuwa akijua pamba kwa kuinusa, kazi yake sasa ni kumtilia kivuli mgeni rasmi.

Juzi mezani ulisema, "Baba, bila serikali wafanyabiashara watamnyonya mkulima. Lazima awepo wa kumlinda." Mama yako akakutazama kwa fahari. Mimi nikarudisha tonge sahanini, maana hayo ni maneno yangu, neno kwa neno, yalikuwa yangu kabla hujajua kusoma. Nilitaka kukwambia, mwanangu, Wambura akiniibia kilo mbili leo, kesho nampelekea mwingine. Mlinzi akiniibia nimpelekee nani? Nilitaka kukwambia kwamba mnyonyaji mwenye mshindani ana aibu, na msaidizi asiye na mshindani hana. Badala yake nikaomba maji.

Nilinyamaza kwa sababu sina pa kusimama. Ningekuwa na haki ya kukwambia usiende kama ningekuwa na kitu kingine cha kukupa. Nitazame. Duka hili ni la sukari ya kupima na sabuni ya vipande, na kila mwezi kuna mtu wa leseni, mtu wa usafi, mtu wa kitu kingine ambacho hata yeye hakijui vizuri. Kule Nyamuswa hakuna tena wanunuzi ambao ungeweza kuwafanyia kazi, wala wakulima wanaochambua ambao ungeweza kununua kwao. Nani aliwaondoa? Tuliwaondoa kwa makofi. Watoto wote wa rika lako wamesoma, na wote wanangoja mlango mmoja huohuo, na wazazi wao wote wapo kwenye veranda, kofia mkononi. Tuliomba serikali itusaidie mpaka hakuna mwingine aliyebaki wa kutuajiri isipokuwa yeye. Mchimba shimo huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakusema kwamba hushuka na mtoto wake mgongoni.

Kwa hiyo nenda. Sina la kukuzuia nalo, na wadogo zako wanatazama mshahara wako. Wala sikudanganyi kwamba utabadilisha kitu. Nilikuwa na umri kama wako nilipopewa kalamu, nikaona nitakuwa tofauti. Utapewa tarehe, utapewa bei, utapewa kizuizi, na watakuwepo vijana wawili wenye fimbo wanaokutazama. Utaona jinsi ilivyo rahisi. Hutajisikia mwovu hata kidogo. Utajisikia mtu makini.

Ningetamani kukwambia siku hiyo umwachie anayepita. Lakini ukimwachia utafukuzwa, na mwenzako atamshika mbele kidogo. Nimelifikiria sana hili, tangu majina yatoke, na kila ninapogeukia naona ukuta. Labda nikuombe hili dogo tu: ukizamisha mkono ukakuta mchanga, usimwite huyo mkulima mwizi. Jiulize alijifunzia wapi. Ni ombi dogo la aibu kutoka kwa mzazi, najua.

Sasa lile la mwisho, ambalo hata mama yako halijui.

Mzee Manyama hajui kwamba nilikuwa mimi. Nyabwire alirudi siku ile na mkokoteni mtupu, akamwambia mume wake walimkuta watu wa serikali njiani. Watu wa serikali, basi, hakusema jina. Miaka yote hii amelala kitanda kimoja na yule mtu na hajamwambia. Sijui kama ni kwa kunihurumia mimi au kwa kumhurumia yeye asibaki bila shemeji, baada ya kubaki bila macho. Hajawahi kunieleza na mimi sijawahi kuthubutu kuuliza. Kitu pekee alichowahi kunirudishia ni mchanga ule, na yale maneno ya leo.

Leo mchana, kabla hawajaondoka, ulipokuwa jikoni unamfungashia dagaa, Mzee Manyama aliniita nikae karibu. Alinitafuta goti kwa mkono akalipata. Akasema, "Shemeji, nimefurahi kwa huyu mtoto. Walau tumepata mtu wetu. Unajua siku ile walipomshusha Nyabwire pamba, huwa nasemaga kila siku, hata jirani zangu wamechoka kunisikia: angekuwepo shemeji yangu pale barabarani, tungepita."

Nilimtazama macho yake. Nikamwambia, "Ndiyo, shemeji."

Nilikuwepo, Neema.

Baba yako,
Mwisenge, Musoma